Mtoto ameandika "melonwater": maneno ambatano ya Kiingereza yanapomshinda

Chini ya picha ya tikitimaji, msichana mmoja wa P2, yaani darasa la pili la msingi, aliandika kwa mwandiko safi kabisa: "melonwater". Nikamtia kosa kwa kalamu nyekundu, nikachukua daftari lililofuata. Nilipofika la tatu nikasita, nikarudi kwake. Tikiti, maji. Melon, water. Mtoto alikuwa amelichukua neno la nyumbani kwao akalihamishia kwenye Kiingereza kipande baada ya kipande, bila kuangusha hata kimoja. Kosa lile lilikuwa na akili ndani yake, nami nilikuwa nimelipita kama uzembe.

Nafundisha madarasa ya chini hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu siku ile, mtoto akikwama kwenye maneno kama "football", "classroom" na "rainbow", yaani maneno mawili yaliyoshikana yakawa moja, sikimbilii kumkaririsha. Naangalia kwanza amekwamia wapi. Makosa haya hufanana kwa nje, lakini kila moja lina chanzo chake, na dawa ya hili inaweza kulizidisha lile. Mzazi, au mwalimu mwenzangu, tafuta hapa chini dalili unayoiona kwa mtoto wako, uanzie hapo.

Tukumbuke hali ya watoto wetu. Mtaala wa P1 hadi P3 ulioanza kutumika 2007 unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kisha P4 iwe daraja la kuvukia kwenye Kiingereza. Lakini katika mji kama huu wetu, ambako dawati moja hukaa Msamia, Mteso, Mganda na mtoto wa dereva wa lori anayejua Kiswahili pekee, shule nyingi hushika Kiingereza tangu mwanzo. Mtoto wa miaka 6 anakutana na "grasshopper" akiwa na kichwa kilichojengwa kwa lugha nyingine. Kichwa hicho ni mtaji wake. Ukijua kinavyofanya kazi, utajua kosa litatokea wapi kabla halijatokea.

Kabla ya yote: kipimo cha dakika mbili

Funga daftari. Mwambie mtoto, "Sema tikitimaji." Akishasema, mwambie, "Sasa sema tena, lakini usitaje tikiti." Akijibu "maji", sikio lake linasikia mshono wa neno. Fanya hivyohivyo kwa "mwanasheria". Kisha nenda kwenye Kiingereza: "Sema sunflower. Sasa sema tena bila sun."

Akiweza ya Kiswahili na kushindwa ya Kiingereza, shida huenda ni msamiati: "sun" na "flower" bado si maneno yake. Mfundishe hayo mawili kwanza, kila moja peke yake, uliache lile refu. Akishindwa hata ya Kiswahili, cheza naye mchezo huo kwa mdomo siku kadhaa, mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea kwenda shule, bila kalamu wala karatasi. Watoto wengi wa miaka 4 au 5 huweza kukata neno la namna hii kwa sikio hata kabla hawajaweza kutenga sauti moja moja, kwa hiyo huu ni mlango mwepesi wa kuingilia kwenye kusoma. Usiuruke.

Dalili: anageuza vipande

Huyu ndiye mtoto wa "melonwater". Utamsikia pia akisema "bowrain", "shopbook", "coatrain". Ndilo kosa ninaloliona kuliko yote kwa watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Chanzo ni mpangilio. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, maelezo yakafuata: tikiti la maji, upinde wa mvua, duka la vitabu, koti la mvua, mpira wa miguu. Kiingereza hutanguliza maelezo, kitu chenyewe kikaja mwisho: "watermelon", "rainbow", "bookshop", "raincoat", "football". Kisamia na Luganda hufuata njia ya Kiswahili, kwa hiyo kumbadilishia mtoto lugha ya kuelezea hakutalitoa kosa hili. Linatolewa kwa kumwonyesha wazi kwamba neno la Kiingereza linaanzwa kueleweka mkiani.

Mama mmoja anayeuza matunda sokoni alinisimamisha siku moja.

"Mwalimu, huyu nimemsomesha mpaka nimechoka. Namwambia watermelon, anasema watermelon. Nikimwacha kidogo, anarudi kulekule."

"Mama, una boksi hapo?"

Akachana ubavu wa boksi la sabuni. Tukakata vipande viwili. Kimoja nikaandika "melon", kingine "water". Nikamwomba mtoto aweke "melon" juu ya tikiti lenyewe. Akaweka. Nikamwambia, "Hii haiondoki hapo, kwa sababu hiki ndicho kitu. Sasa hiyo nyingine inaeleza ni melon ya namna gani. Kwa Kiingereza anayeeleza hutangulia, hukaa huku." Nikagusa upande wa kushoto. Mtoto akakishika kile kipande cha "water", akakipeleka kulia kwanza, kidole kikasimama hewani, kisha akakivusha juu ya tikiti na kukitua kushoto. Mama yake akauliza, "Ni nini hiki?" Akajibu, "Melon." "Melon gani?" "Ya water." "Sasa soma." Akasoma "watermelon".

Maswali mawili hayo, "Ni nini?" na "Ya namna gani?", ndiyo dawa yenyewe. Ukiwa na kitabu, funika kipande cha kwanza kwa kidole ili ubaki mkia, uliza la kwanza. Ondoa kidole, uliza la pili. Fanya hivyo kwa kila neno jipya mpaka mtoto aanze kujiuliza mwenyewe.

Hapa nina neno na walimu wenzangu. Chati nyingi ukutani hupanga maneno kwa kipande cha mbele: "rainbow", "raincoat", "raindrop", kisha "sunflower", "sunlight", na kadhalika. Zinapendeza, lakini kwa watoto wetu zinaanzia mahali pabaya. Mtoto anayeamini kwamba kinachotangulia ndicho kitu chenyewe akitazama chati hiyo atadhani yote matatu ni aina za mvua. Anza na familia ya mkia: "bedroom", "classroom", "bathroom", "storeroom". Bandika "room" moja tu ukutani, kisha ubadilishe vipande vya mbele. Kila ukibadilisha, uliza ni nini, naye atajibu chumba, chumba, chumba. Hilo likimkaa, hata baada ya wiki mbili, ndipo umletee familia ya "rain" aone kwamba upinde, koti na tone ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Kujua kama amepona, tumia muwa. Mtoto aliyewahi kusafiri kwenda Jinja ameona malori ya miwa karibu na Kakira. "Sugarcane" ni muwa. "Cane sugar" ni sukari ya miwa. Mchoree muwa upande mmoja na kijiko cha sukari upande mwingine, taja moja, aguse. Akipatia kwa siku tatu tofauti, songa mbele.

Dawa hiyohiyo inaponya kosa jingine ambalo watu hudhani ni la sarufi: "teethbrush", "feetball", "booksshop". Mtoto anaona meno ni mengi, anayaweka katika wingi. Tena kwa Kiswahili alama ya wingi hukaa mwanzoni: matikitimaji, wanasheria. Mwambie wingi humfuata mwenye jina, na kwa Kiingereza mwenye jina yuko mkiani: "watermelons", "toothbrushes", "bookshops". Kipande cha mbele hubaki katika umoja hata meno yakiwa 32. Kuna maneno machache yanayokwenda kinyume, kama "mothers-in-law", ambamo mwenye jina ametangulia. Hayo yamngoje mtoto P5.

Dalili: anajua vipande, neno zima linamshinda

Mpe "grass", anasoma. Mpe "hop", anasoma. Mpe "grasshopper", anatazama dari.

Mara nyingi ni urefu tu. Jicho linaona herufi 11 mfululizo, halijui pa kupumzikia. Andika neno kwenye ukanda wa karatasi, ukunje pale penye mshono, hivi kwamba mtoto anaona "grass" peke yake. Akikunjua, "hopper" inajitokeza. Akisoma kwa kukunjua mara nne tano, mwambie anyooshe karatasi asome lote. Usimwandikie neno likiwa na nafasi katikati ili kumsaidia. Atalizoea hivyo, na utakuwa umemtengenezea kosa lingine la kuja kutibu.

Lakini kuna mtego mmoja unaowanasa hasa watoto hodari wa kusoma kwa sauti. Umemfundisha kwamba "s" na "h" zikikaa pamoja ni "sh", na "t" na "h" ni "th". Sasa tazama "grasshopper": "s" ya mwisho ya "grass" imegusana na "h" ya "hopper", naye anasoma "gra-shopa". Tazama "pothole", neno ambalo mtoto yeyote aliyepanda boda boda nchini mwetu analijua kwa mgongo wake: anasoma "po-thole". Na "uphill" anaisoma kama yenye "f" ndani. Mtoto huyu amefuata ulichomfundisha, kwa hiyo usimkaripie. Mwonyeshe kwamba herufi mbili zilizo pande mbili za mshono haziungani sauti. Mpe penseli apige mstari mwembamba kwenye mshono mwenyewe: pot, mstari, hole. Akikosea pa kupiga, ndipo utajua kipande kipi hakijui.

Kuhusu "grasshopper" usipoteze nafasi ya Novemba. Nsenene zinapoanguka, kila mtoto Uganda anazikimbiza, na Kiingereza chetu huziita "grasshoppers". Mwulize anazikuta wapi, na zinakwendaje. Zinakaa nyasini, zinaruka. Amekwisha kulieleza neno zima.

Dalili: "klasirumu", "tuthiburashi"

Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akiongeza irabu kwenye mshono, "classroom" inakuwa "klasirumu", na papo hapo mkazo unahamia kwenye "ru". Kiingereza kwa kawaida hukaza kipande cha kwanza cha neno la namna hii. Ndivyo sikio la Mwingereza linavyotofautisha "blackboard", ubao wa kuandikia, na "black board", ubao wowote wenye rangi nyeusi. La kwanza limekazwa mwanzo, la pili limekazwa mwisho.

Kwa maoni yangu, lafudhi yenyewe si ugonjwa. Watu wazima wengi wanasema hivyo, na maisha yanaendelea. Ishughulikie pale tu inapoingia kwenye daftari, mtoto akiandika "classiroom" au "footiball". Hapo mpigishe makofi: kofi kubwa kwa kipande cha kwanza, dogo kwa cha pili. CLASS, room. FOOT, ball. Neno lina makofi mawili, kwa hiyo kofi la tatu likilia katikati, atajua mwenyewe kwamba ameingiza kitu. Na mtoto anayesema "lainbow" ana jambo lake jingine la "r" na "l". Usilichanganye na hili siku moja.

Dalili: anakata kila neno

Baada ya wiki kadhaa za kukata maneno, mtoto anaanza kuona mishono kila mahali. "Ticha, mango ni man na go!" Pia "carpet" ni gari na mnyama wa nyumbani, "father" ni mnene na yeye, "carrot" ni gari lililooza. Furahi, kwa maana jicho lake limeamka. Linahitaji kipimo tu.

Kipimo ni swali: je, maana ya vipande imo ndani ya kitu chenyewe? Nilimwekea mtoto wa "mango" embe mezani nikamwambia anionyeshe huyo "man" yuko wapi na anakwenda wapi. Akaligeuza embe pande zote. Kisha nikamwonyesha picha ya "football": mguu upo? Upo. Mpira upo? Upo. Akakubali mwenyewe. Chukua makopo mawili, kwenye moja uandike "mawili" na kwenye jingine "moja". Mwandikie vikaratasi kama 12, achambue huku akieleza sababu. Tia ndani "sunny" na "teacher" pia, maana "ny" na "er" si maneno yanayosimama peke yake. Mtoto akiligundua hilo bila kuambiwa, hatalisahau.

Dalili: "butterfly ni inzi wa siagi"

Kuna maneno ambayo swali la mkiani haliwezi kuyafungua. "Butterfly" si inzi, "ladybird" si ndege, na "pineapple" si tufaha. Zamani Waingereza waliita koni ya msonobari "pineapple". Walipoliona nanasi wakaona zinafanana, jina likahamia kwenye tunda. Mtoto hawezi kulijua hilo kwa kukata neno, na hatuna haki ya kumdai.

Mengine yamechakaa kwa kutumika. "Cupboard" ilikuwa ubao wa kuwekea vikombe. Leo humo mna nguo, na hata sauti ya "p" imekufa. Sisi tuna mifano yetu. Nani akila rolex ya asubuhi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, anafikiria mayai yaliyoviringishwa, "rolled eggs", ingawa ndiko jina lilikotoka? Na boda boda jina lake limetokana na "border", kwa wale wenye baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani hapa hapa Busia. Wasimulie watoto haya. Wanayapenda, na yanawafundisha kwamba maneno huzaliwa, husafiri na kuzeeka.

Kisha maneno ya namna hii yafundishe kama maneno ya kawaida, picha na jina, bila kukata. "Breakfast" ndiyo naitenga kidogo, kwa sababu sisi tunalo lake: kifungua kinywa. "Break" ni kuvunja, "fast" ni mfungo. Mtoto aliyewahi kungoja adhana ya magharibi kwenye Ramadhani hahitaji maelezo zaidi. Mwonye tu kwamba matamshi ya "break" humo ndani yamebadilika.

Dalili: "foot ball" na "busstop"

Hapa sababu ni fupi: Kiingereza chenyewe hakina kanuni moja. "Football" huandikwa pamoja, "bus stop" na "ice cream" hutenganishwa, "merry-go-round" huwekewa vistari. Watunga kamusi wenyewe hubadili mawazo. Toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary, la 2007, liliondoa vistari kwenye maneno yapatayo 16,000. Kwa hiyo usimtungie mtoto kanuni ambayo haipo. Chagua kamusi moja, iwe mwamuzi wa nyumba au wa darasa, na P1 na P2 wafundishe yale yanayoshikana tu.

Dalili: jana alijua, leo hajui

Hesabu umempa mangapi. Chati ya maneno 50 ni ya kumpendeza mkaguzi. Mimi huwapa manne kwa wiki, yote ya mkia mmoja, na ya wiki iliyopita huyarudia Jumatatu kabla ya jipya lolote. Angalia pia kama anayakuta nje ya daftari. "Bedroom" na "toothbrush" anaviona kila siku, lakini "snowman" hapa kwetu hana pa kukutana naye.

Na kama manne yanamshinda, na kile kipimo cha mwanzo kinamshinda hata kwa Kiswahili baada ya wiki kadhaa za mchezo, simama nyuma yake hatua tano au sita, asikuone mdomo, na useme kwa sauti ya kawaida: "tikiti", "mvua", "duka". Mwambie arudie. Akirudia maneno mengine kabisa, au akigeuka kila mara kukutazama usoni, mpeleke kituo cha afya wamwangalie masikio kabla hujamwandikia neno lingine.